Upande wa Kulia wa Pikapu

Jumatatu, 3 Agosti 1992

Mussa,

Nimeshinda na springi ya lori la mahindi la Kibaigwa. Jani kuu limekatika. Wanapakia mpaka lori linachechemea, halafu wanashangaa.

Alasiri akaja Shabani na pikapu yake. Mara ya kwanza tangu tukuzike. Alisimama nje ya karakana kama mtu aliyekuja kuomba radhi. Bomba la nyuma ya gari, ulilokuwa umelishika siku ile, bado limepinda. Hajalinyoosha.

Mbio za pikapu za Bahi ni Jumapili ya mwisho ya mwezi. Mpunga umevunwa, mbuga imekauka. Anataka nimtengenezee nyuma ya gari. Nikauliza safari hii gunia ni nani, wa kusimama nyuma awe uzito. Akasema Selemani.

Nikaenda kunawa mikono. Nilikuwa nimeshainawa.

Alhamisi, 6 Agosti

Selemani mdogo wetu hana hofu hata kidogo. Nilimkuta kwa Mama anakula muhogo.

"Kaka, pikapu tupu inateleza. Lazima mtu asimame nyuma, matairi yakamate. Au tupakie mbuzi?"

"Mbuzi angalau anajua kuruka," nikamwambia.

Akaacha kutafuna. Najuta kusema vile mbele ya Mama.

Najua kilichokuua. Shabani alipoachia klachi, ekseli ilijikunja, springi zikapinda nayo, kisha zikajirudisha kwa nguvu. Nyuma ya gari ikarusha mateke kama punda. Ilianzia kulia. Wewe ulisimama kulia. Ardhi ya Bahi ikikauka ni kama zege.

Jioni nilimfuata Shabani. Tumekubaliana hivi: nyuma ya gari ikikamata bila mtu, hapandi mtu. Ikiteleza, Selemani anapanda. Tumepeana mikono.

Naogopa.

Jumapili, 9 Agosti

Nimelala chini ya pikapu tangu asubuhi.

Springi za mzigo alizonazo ni ngumu mno. Ndizo zilizokurusha. Nikipunguza majani, nyuma italala chini na matairi yatakamata, lakini ekseli itajikunja zaidi. Mtu mmoja ameshauri springi za duara za gari dogo. Ningelazimika kukata chasisi. Hapana.

Nimeamua. Napunguza majani. Nusu ya mbele, kutoka ekseli hadi kwenye chasisi, nayabana sana yawe kama kitu kimoja. Nusu ya nyuma nayaachia yacheze. Chini ya kila springi nafunga chuma kutoka kwenye ekseli kwenda mbele, ncha yake ina mpira. Ekseli ikitaka kujikunja, mpira unagota chini ya springi na kuizuia. Mpira wa kulia nausogeza karibu zaidi. Betri na tairi la akiba nahamishia nyuma kabisa.

Uzito usiokuwa na mama.

Ijumaa, 14 Agosti

Shabani amenitia hasira. Nimerudi kutoka msikitini pikapu haipo. Kaipeleka kwa fundi wa kuchomelea, eti boliti zangu zinachelewesha kazi. Chuma cha kulia kimechomelewa juu ya jani lenyewe la springi. Kwa macho ni kazi nzuri. Imepigwa hata rangi.

Nikaligonga kwa nyundo ndogo. Unakumbuka ulivyonifundisha? Jani zima linaimba. Lililoungua kwa moto wa kuchomelea linajibu kama chungu chenye ufa. Ulikuwa unagonga hata glasi za chai nyumbani, Mama anakufukuza na mwiko.

Lilijibu kama chungu.

Lingekatika palepale, mbele ya watu wote, upande uleule. Nimelitupa. Nimeweka jani ulilolikunja wewe, lililokuwa limebaki juu ya kabati.

Alhamisi, 20 Agosti

Tumeijaribu kwenye barabara ya vumbi. Ikateleza.

Selemani alikuwa ameshadandia kabla gari halijasimama. Akalishika bomba palepale ulipolishika. "Sijafa, Kaka, usinitazame hivyo." Nilimteremsha kwa kumvuta shati. Mtu mzima nikamvuta shati.

Nikapunguza upepo wa matairi. Nikausogeza mpira wa kulia mpaka kidole kikawa hakipiti. Safari ya pili ilizama nyuma, ikashika, ikaondoka. Haikuruka. Nilifuata alama za matairi kwa miguu. Mistari miwili, sawa kwa sawa.

Shabani akageuza gari, akaondoka. Angesifu ningetulia.

Jumapili, 30 Agosti

Nimerudi kutoka Bahi.

Kila pikapu ilikuwa na magunia yake, wanaume watatu, wanne, wanaimba. Yetu ilikuwa tupu. Watu wakaanza kuzomea. "Shabani, umewauza ndugu wote?" Nikamwona anainamisha kichwa. Kisha Selemani akawa juu. Kulia.

"Tulipeana mikono," nikamwambia Shabani.

"Kidogo tu, fundi. Mbio hizi ni za kumkumbuka Mussa."

Sikubishana. Nilipanda, nikasimama upande wa kushoto, nikalishika bomba. Kanzu imeingia grisi.

"Shuka, Kaka. Umri huo!"

"Mama amebakiwa na wawili," nikasema. "Atuzike siku moja, asihangaike mara mbili. Shabani, washa."

Shabani akazima gari. Akashuka. Alilia mbele ya wale wote waliokuwa wakizomea, bila kujifuta. Selemani akaruka chini, akaondoka bila kunitazama.

Baadaye Shabani akarudi kwenye usukani, pikapu ikaenda tupu. Sikutazama mbele, nilitazama nyuma yake tu. Ilizama, ikashika, ikanyooka. Wanasema ilikuwa ya pili. Gari la tatu liliruka, kijana akaanguka akavunjika mkono. Waliimba tena baada ya muda mfupi.

Jumatatu, 31 Agosti

Lori jingine la Kibaigwa. Jani kuu.

Shabani amerudisha springi za mzigo, msimu wa mahindi haungoji. Vile vyuma viwili kavitundika ukutani kwake. Amelinyoosha lile bomba. Mwaka ujao sijui.

Selemani hasemi nami. Lakini jioni, kwa Mama, aliigonga glasi yake kwa kijiko, akainamisha sikio. Mama hakushika mwiko.

Unikumbuke huko uliko, Mussa.