Trela ya Randal, na Mama Anayefua Mapazia Yake

Mpendwa Bi Lorene,

Naomba unisaidie kwa jambo ambalo watu wa huku kwetu wananiambia si jambo, ni takataka tu ya kuondolewa. Nakuandikia wewe wa gazeti la mjini kwa sababu gazeti letu la hapa jirani yangu hulisoma lote, hadi matangazo ya vifo, na habari yenyewe inamhusu yeye.

Nimefiwa na mke, nimestaafu kazi ya kutengeneza barabara za kaunti, nilipasuliwa moyo mwaka jana na naishi peke yangu kwenye vilima vya mashariki mwa Kentucky, mahali ambapo mtu anaweza kuwa na ekari nyingi na bado asipate pa kuweka meza ikatulia. Mimi nina sehemu moja tu iliyo tambarare, juu ya kijito, mafuriko hayajawahi kuifikia, na hapo ndipo ilipo trela ya Randal.

Randal ni mtoto wa jirani yangu Garnet. Alipooa, mke wangu, ambaye alikuwa rafiki wa Garnet tangu usichana wao, aliniambia tuwape vijana pale mahali, nikasema sawa, hatukuandikiana chochote, wakaleta hiyo nyumba yao ya kukokotwa ikivutwa na lori, wakaikalisha juu ya matofali, wakavuta maji na umeme, wakaishi vizuri tu, kisha wakaanza kugombana, mke akarudi kwao Indiana, Randal akabaki peke yake majira moja ya baridi, halafu asubuhi moja nikaona gari lake halipo, na huu ni mwaka wa nne hajaonekana, nikimpigia simu haipatikani, na ndani kila kitu kimebaki, kitanda, sufuria, hata viatu vyake vya kazi vimepangwa mlangoni.

Mabomba yalipasuka kwa baridi mwaka ule ule. Paa linavuja, kuta zina ukungu mweusi, panya wamefanya kwao, na sakafu imekuwa laini kama mkate wa mahindi uliolowekwa kwenye maziwa. Na kila Jumamosi Garnet, mwanamke aliyepita miaka sabini, hushuka kilima na mashine yake ya kukatia nyasi, akakata nyasi kuizunguka trela yote, akafagia ngazi, akachukua mapazia kwenda kuyafua na kuyarudisha. Krismasi hutundika shada la majani mlangoni. Nimezoea kumwona, hata nikinywa kahawa yangu huwa najua amefika upande gani.

Sasa binti yangu Renita, ambaye yuko Ohio, anataka kurudi na mumewe waweke nyumba yao pale pale, kwa sababu hakuna pengine. Aliniambia, "Baba, nataka ukikohoa nikusikie nikiwa jikoni kwangu. Lakini kama mpaka majira ya kuchipua hapajawa wazi, sisi tunanunua huku, na tukishanunua ndiyo basi." Nikamwambia aje, patakuwa wazi.

Hobert, kaka wa marehemu mke wangu, ana dawa yake. "Kibiriti kimoja tu, shemeji. Watu wakiuliza, sema ni radi."

"Radi ya mwezi wa kumi na moja, baridi yote hii?"

"Basi sema ni wavutaji sigara."

Nikaenda mahakamani kuuliza njia ya haki. Karani ni binti mpole, akanieleza kwamba nyumba ile bado ni mali ya mtu, sina ruhusa ya kuigusa mpaka mwenyewe apelekewe taarifa kwamba imehesabiwa kuwa imetelekezwa.

"Mwenyewe yuko wapi?" akaniuliza.

"Hajulikani."

"Anwani yake ya mwisho kabla ya hiyo trela?"

"Kwa mama yake."

"Basi barua itakwenda kwa mama yake, mzee wangu. Naibu wa sherifu, yule polisi wa kaunti, atampelekea mlangoni."

Nikasema nitafikiri, nikaondoka.

Wiki iliyopita nilisikia Garnet akiniita kutoka kule kwenye trela, hapigi kelele, anaita tu kama mtu anayeomba kupitishiwa chumvi. Nikamkuta jikoni, mguu umezama sakafuni hadi gotini, mapazia ameyakumbatia kifuani yasichafuke.

"Si nilikwambia sakafu imeoza?"

"Na mimi nilikwambia huwa nakanyaga pembeni. Leo nimesahau."

Nikamtoa, nikamkalisha kwenye ngazi, nikamfunga kidonda kwa leso, na hapo akanishika mkono, jambo ambalo si desturi yake, akasema, "Usije ukaiondoa, Estill. Akirudi atafikia wapi?" Nikamwambia hakuna mtu atakayeigusa. Renita nilikuwa nimeshampa neno langu tayari.

Kwa hiyo nakuuliza, nimpeleke sherifu mlangoni kwa mama wa watu, au nimwachie Hobert kibiriti chake, au nimwambie mwanangu anunue huko huko Ohio?

Mwenye Kiwanja

*

Ndugu yangu Estill (majina yote tumeyabadilisha, kwa hiyo pumua),

Pole kwa moyo uliopasuliwa, na pole kwa mkeo. Nimemaliza pole, sasa tuseme.

Wewe huna shida ya trela. Umewagawia wanawake wawili kiwanja kimoja, kila mmoja kwa wakati wake, kwa sababu ulikuwa unamtazama usoni au kumsikia sautini na hukuweza kusema neno linalouma. Mshika mbili moja humponyoka, na wewe uko karibu kuponyokwa na zote. Unajiona mpole. Lakini upole huo ndio ulioacha mwanamke wa miaka sabini aendelee kukanyaga sakafu unayoijua kuwa imeoza. Angekaa pale na mguu wake mpaka jioni kama ungekuwa umetoka. Leo hii, kabla hujafanya lolote, ondoa zile ngazi na ufunge mlango kwa mbao.

Hobert mwambie akae na kibiriti chake mfukoni. Ile bado ni nyumba ya mtu, na kuchoma nyumba ya mtu ni jinai hata kama panya ndio wapangaji. Zaidi ya hapo, moshi wa plastiki na wa ile sufi iliyojazwa ndani ya kuta hauchagui kifua, na chako tayari kina mshono.

Ile njia ya karani ifuate. Tafuta wakili akusomee sheria ya kaunti yako, maana nyingine hutaka hili na nyingine lile. Piga picha ndani na nje. Mwite fundi wa kuhamisha nyumba aikague kabla ya kuikokota, kwa sababu iliyooza sakafu huenda isifike hata barabarani, na itabidi ibomolewe hapo hapo.

Lakini karatasi isimtangulie mdomo wako. Panda kilima kwa Garnet mwenyewe, mchana, bila Hobert, na umwambie, "Naiondoa." Sikiliza vizuri hapa. Usimwombe ruhusa. Najua utataka kumwomba, utaona ndiyo heshima. Ukimwomba, umemtaka yeye, mama mzazi, aseme kwa kinywa chake kwamba mwanawe hana tena mahali. Hakuna mama wa kubebeshwa hilo ili wewe ulale vizuri. Sema ni uamuzi wako, na kama atakuchukia, akuchukie wewe, una mabega. Kisha mpe nafasi ya kutoa vitu anavyotaka, na uvibebe wewe na huyo shemeji yako anayependa kazi za haraka.

Na kuna jambo limenishangaza katika barua yako nzima. Umenieleza paa, mabomba, sakafu na ukungu. Kijana ameondoka mwaka wa nne huu, na sijaona mahali uliposema kuna mtu aliyekwenda kumtafuta. Nyote mmekaa mnaitazama nyumba. Muulize mama yake kama amewahi kumripoti kwa sherifu, na kama bado, mpeleke kwa gari lako.

Binti yako mwambie ukweli: kwamba patakuwa wazi sheria ikishamaliza, labda si kwa tarehe yake, na kwamba unamhitaji. Hilo la mwisho hujamwambia, nakuona.

Weka gazeti chini uende. Na ukirudi, mpigie Renita kabla hujavua koti.

Bi Lorene

*

Estill ametuandikia tena, na kwa ruhusa yake, na ya Garnet, tunaichapisha.

Bi Lorene,

Nilikwenda. Nilimkuta anamenya viazi. Nikasema kama ulivyoniambia, kwamba naiondoa, ni uamuzi wangu na simwombi. Hakuinua macho, aliendelea kumenya. Nikamuuliza kama twende pamoja kwa sherifu kumripoti Randal kuwa amepotea. Hapo aliweka kisu chini.

"Hajapotea," akasema. "Yuko Indiana na mkewe. Wana mtoto wa kike, sasa anatembea. Mkewe alimwambia arudi, ila huku milimani asikanyage tena. Hunipigia simu Siku ya Mama."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka ule ule."

"Sasa mapazia ya nini, Garnet?"

"Watu wakipita barabarani wakaona mapazia safi, watasema amekwenda kazi ya mbali. Wakiyaona machafu, watasema amemtupa mama yake." Akachukua kiazi kingine. "Na kweli amenitupa. Lakini si lazima walisome hilo kutoka barabarani."

Nikachukua kisu cha pili nikamsaidia kumenya, viazi vikawa vingi kuliko alivyohitaji.

Anwani alinipa mwenyewe, kwa hiyo taarifa ilikwenda Indiana, na Randal aliirudisha ikiwa na sahihi bila neno jingine. Renita nilimweleza yote. Akasema watapanga nyumba huko mpaka mambo yaishe, na kwamba angefurahi kama ningemwambia mapema. Nikamwambia namhitaji. Akaniuliza kama naumwa.

Mimi na Hobert tulitoa vitu. Garnet alichukua sufuria na meza, vingine akasema viende. Fundi alikagua akakataa kuikokota, kwa hiyo siku ya kazi mashine iliibomoa pale pale, na haikuchukua muda, ukuta mmoja ulianguka wenyewe kabla haujaguswa. Garnet alikuja kutazama. Alikaa ndani ya gari langu, vioo amevifunga, mikono mapajani. Nilidhani atalia, nikasimama mbali kidogo ili asione kama namtazama.

Lori la mwisho lilipoondoka nilifungua mlango nikamuuliza kama nimrudishe nyumbani. Akasema hapana, anataka kwenda mjini kutengenezwa nywele. Nikampeleka, nikamsubiri nje. Alitoka nywele zimekatwa fupi hadi masikioni, sijawahi kumwona hivyo tangu nimjue, akapanda, akafunga mkanda, akaniuliza kama anaonekana mzee.

Nikamwambia anaonekana kama mtu aliyekatwa nywele.

"Endesha gari, Estill," akasema, akateremsha kioo.