Gamba la Kuhe

Shikamoo mama. Mjukuu wako Zuhura kabandika gamba la samaki kwenye kadi hii sasa hivi, anasema ndiyo stempu yako. Ni la kuhe, nimemvua mwenyewe!

Hapa Kagunga tunakaa na Godeliva, mkimbizi kutoka Burundi. Kajifungua juzi na maziwa hayatoki, kichanga kinalia mpaka sauti imekauka. Nikasema huyu anahitaji mchuzi wa kuhe, kama ule ulionipikia nilipomzaa Zuhura. Asubuhi nikachukua kamtumbwi ka shemeji, kale ka mtu mmoja. Akanicheka: "Shemeji, leo samaki watakuvua wewe!" Nikamjibu, "Wewe injika sufuria."

Upepo ukanizungusha, ndoana ikanasa kwenye mawe mara mbili, viganja vikatoka malengelenge. Sikurudi. Jua lilipofika utosini mshipi ukavutwa, nami nikavuta.

Godeliva kamaliza bakuli mbili, sasa kamweka mtoto kifuani. Usituwazie sana, mama, tunakula na tunacheka. Goti lako likande kwa maji ya moto, nami nikija Kasingirima nitaku... huyo Godeliva ananiita, "Mama Zuhura, ngwino! Njoo uone, anameza!" Mama, ngoja nika...