Pembe Iliyopita Katikati ya Jina

Lodwar, Jumapili baada ya kanisa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, na shikamoo yangu nyingine umpe Mama hapo jikoni. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Wundanyi? Huku hiyo baridi ningeinunua kwa debe! Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila jua limenichoma hata Mama akiniona atauliza mgeni huyu ametoka wapi. Yale maharagwe mliyompa dereva yalifika yote. Nimeyala na walimu wenzangu wiki tatu, na kila sahani tunawataja. Asanteni sana, wazazi wangu.

Leo nina kisa, na kinakuhusu, kwa hiyo keti vizuri.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walinijia wakitaka kutengeneza jarida la muziki. Wameyaona ya Nairobi: jina kubwa juu, uso wa mwimbaji chini yake, na ndani maneno ya nyimbo yamepangwa safu mbili mbili. Nikawaambia, mmefika kwa mwenyewe! Baba yangu amepanga herufi za risasi katika kiwanda cha kuchapa magazeti Mombasa maisha yake yote, na mimi nimekulia chini ya meza yake. Nilijigamba, Baba, we acha tu. Nikawafundisha kila ulichonifundisha: pambizo zilingane, kichwa cha habari kisibaki peke yake chini ya ukurasa, na ile amri yako kubwa, kwamba jina la gazeti haliguswi na juu yake hakuwekwi kitu. Jarida wakaliita MLIO.

Wengine walitaka jalada liwe na mpiga gitaa, lakini wengi wakasema mwimbaji wa kwanza awe wa hapa. Wakamchagua Mzee Lokwang wa Lopur, kule karibu na Kakuma, ambaye nyimbo zake zinajulikana kote. Mwanawe, Ekai, yumo darasani mwangu na ndiye mchoraji wetu. Ekai akachora maksai.

"Ekai, mwimbaji yuko wapi?" nikauliza.

"Ndiye huyu, Mwalimu."

Akanieleza kwamba mwanamume wa huku Turkana ana maksai wake mmoja ampendaye kupita wote. Nyimbo zake humwimbia huyo, wenzake humwita yeye kwa jina la huyo, na pembe zake huzipinda mwenyewe polepole tangu akiwa mdogo. Nikasema haya, maksai na awe. Tatizo likawa pembe. Moja imeinama mbele, lakini ya pili imepanda juu, ikaingia moja kwa moja katikati ya jina la jarida! Nikamwambia aipunguze. Akasema, "Hiyo haipungui, Mwalimu." Nikaona ni ubishi wa kitoto. Nilichukua ile dawa ya kufutia makosa kwenye stensili, ile karatasi ya nta tunayochapia, nikaipaka pembe mpaka ikabaki kipande kifupi chini ya jina. Ukurasa ukatulia. Nikasema moyoni, Baba angekuwepo angenipa mkono. Tukazungusha mashine, nakala zikatoka safi.

Shule ilipofungwa wanafunzi wakaenda nazo makwao. Muuza duka mmoja wa Kakuma akabandika jalada ukutani, palepale watu wa Lopur wanaponunua unga na tumbaku. Maksai wakamtambua mara moja kwa madoa yake, na pembe moja hana. Sasa, Baba, mtu wa huku akimwimbia maksai wake huinua mikono yote miwili na kuipinda kama pembe za yule mnyama. Kwenye ngoma kijana mmoja akainua mkono mmoja, wa pili akauficha mgongoni. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na Mzee Lokwang yupo hapohapo.

Wiki ya pili ya muhula akashuka kutoka kwenye lori hapa shuleni, ameshika fimbo na kigoda kidogo ambacho wazee wa huku hutembea nacho. Nikamwamkia, "Ejok." Hakuitikia. Huku mtu asipoitikia salamu, ujue mambo yameharibika.

"Mimi nakuja chukua kijana yangu," akasema. "Shule nafundisha yeye kata pembe ya ng'ombe ya baba yake. Basi. Mbuzi iko nyumbani."

Nikamtazama Ekai. Macho chini. Kumbe alimwambia baba yake kwamba ni mkono wake ulioteleza, mimi hakunitaja hata kidogo! Baadaye nilimuuliza kwa nini, akasema mwalimu hasemwi vibaya nyumbani. Huyu ndiye kijana anayeongoza kidato kizima kwa hesabu, na alikuwa tayari kurudi kuchunga kwa kosa langu. Niliona aibu, Baba, aibu ya kunitoa jasho.

"Mzee, si Ekai," nikasema. "Ni mimi niliyeikata."

Akaweka fimbo na kigoda chini. Akainua mkono mmoja mbele, wa pili akauacha unaning'inia. "Nikiimba," akaniuliza, "hii mkono naweka wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za jina la jarida, na kwamba ni amri ya baba yangu. Akasikiliza vizuri.

"Baba yako najua ng'ombe ya hapa?"

"Hapana, Mzee."

"Basi yeye hana makosa. Wewe umekaa hapa miaka mbili."

Huo ndio ukweli wenyewe. Nikaenda kwa mwalimu mkuu kuomba stensili. Zilizobaki zilikuwa za mitihani. Alinung'unika, akafungua kabati, akafunga, akafungua tena, akanipa moja. Mungu ambariki. Ekai akachora upya, baba yake kwenye kigoda ubavuni akimwelekeza kwa kidole, pinda kidogo, hapana, tena kidogo. Mimi nikaandika jina. M na L nikazisukuma kushoto, I na O kulia, pembe ikapita katikati mpaka ukingo wa karatasi. Muda wote nilikuwa naisikia sauti yako.

Mzee aliishika nakala ya kwanza wino haujakauka. Akaitazama pembe kutoka shinani hadi nchani. Kisha akaiweka juu ya kigoda, akainua mikono yote miwili, akaimba. Wapishi wakatoka jikoni, kidato cha kwanza wakamwacha mwalimu wao na ubao wake. Alipomaliza akamwambia Ekai neno fupi kwa Kiturkana, na Ekai akatoka mbio kuelekea darasani. Nikamuuliza mpishi amesema nini.

"Amesema mbuzi wana mtu mwingine wa kuwachunga."

Nililia, Baba, mbele ya wanafunzi, na sijali. Mzee akanijia akanipa mkono. "Ejok, mwalimu," akasema. Akaondoka na nakala kadhaa, kwenda kuliondoa lile la ukutani Kakuma kwa mkono wake mwenyewe.

Nawashukuru wote, na wewe zaidi. Usingenifundisha kupanga ukurasa nisingejua hata pa kuzisogeza zile herufi. Nisalimie Bibi, na umwambie ugoro wake nimeupata kwa Mturkana mmoja, wa kupiga chafya mpaka Krismasi. Nisalimie Shangazi wa sokoni, mdogo wangu wa kiume anayejifunza ucherehani, na jirani yetu fundi wa viatu. Ndara zake bado zinastahimili mchanga wa mto Turkwel.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea nakala moja. Najua mkono utakuwasha kuchukua kalamu ulirudishe jina mahali pake. Tafadhali usilisahihishe. Libandike jalada barazani, Baba, na juu ya pembe usiweke kitu.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Mkamburi