Neno la Kuokoa Kibanda Changu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Leo kimenuka! Madam Alal wa ofisi ya soko kapita na kijitabu chake. Anasema marobota yangu ya vitenge yanaziba njia. Nijieleze kwa barua, kwa Kiingereza, kabla Ijumaa haijaisha — la sivyo kibanda atapewa mwingine. Miaka sita nimekaa hapa, tangu nitoke Bukavu. Mimi na Kiingereza wapi na wapi! Kifaransa angalau ningejikongoja.

Jumanne, 4 Machi
Mwandishi kapatikana. Mzee Okidi, jirani yangu hapa mtaani Kibuli, polisi mstaafu, kaandika ripoti miaka thelathini. Nikamwambia vitu vimerundikana, basi. Akaandika kwamba kibandani kwangu palitokea "commotion". Nikauliza kama hakuna neno dogo zaidi. Akakunja uso. "Hii neno iko na nguvu, Mama. Ofisi itaogopa." Nikatia sahihi, nikapeleka mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Ofisi imeogopa kweli! Askari wawili wa soko, asubuhi na mapema, na virungu. "Nani ilipigana hapa? Nani iliumia?" Kumbe "commotion" ni vurugu za watu, si za vitu! Nikawaonyesha marobota. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, nao wakacheka. Lakini barua imerudishwa. Siku mbili zimebaki. Naogopa, kusema kweli.

Jioni binti yangu Exaucée katoa kamusi ya shule. "Mess"? Hapana, hiyo inanifanya mchafu, na mimi hufagia mara tatu kwa siku! "Confusion" ni ya kichwa, na kichwa changu kizima. "Chaos" — tutaletewa jeshi. Mwisho "clutter": vitu vingi, nafasi ndogo, hakuna aliyekosa. Hiyo ndiyo mimi! Barua mpya nimeiandika kwa mkono wangu, Exaucée akinitajia herufi. Mzee Okidi anasema ni neno dhaifu, halina hata majeruhi mmoja.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika nimekaa juu ya robota. Madam Alal kaja mwenyewe na wale askari. Kasoma barua mpya, kaangalia huku na huku, kasema neno limekaa sawa — bado sahihi yake tu. Mara akaona kitenge cha kijani chini ya rundo. Akavuta. Akavuta na cha njano. "Mama Exaucée, hii ulikuwa unaficha wapi?" Sasa kapiga magoti, kalamu sikioni, vitenge vitano begani. Barua kaiweka mahali, hakumbuki wapi. Askari wanaitafuta, majirani wanaitafuta. Vitambaa vinazidi kutoka, njia imeziba kabisa, na Madam anauliza kama cha bluu kipo —