Mdudu Anayezunguka Mti, na Mimi Niliye Upande wa Pili

Nyumba ya nyuma ya dobi,
Jumapili, tarehe 9, baada ya chai.

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu tele, wewe na huo mgongo wako. Bado unakukataza kuinama, au unakukataza kazi tu? Shemeji hajambo? Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika, la kulia halina habari.

Sasa lile ulilonituma. Ulisema nimkalishe binti yako chini, nimwambie aachane na wadudu, arudi akalie kiti ulichomtafutia benki. Bwana wee, yeye ndiye aliyenikalisha mimi, juu ya kigoda, nyuma ya mti.

Anamtafuta mdudu mdogo kama punje ya mchele, bapa, rangi ileile ya gome. Anafyonza utomvu, ukimgusa anaruka. Nilimwita panzi, nikakatwa jicho. Ukimsogelea huenda kombo kama kaa, akazunguka shina. Binti yako azunguke, naye azunguke. Nimewahi kuona wapangaji wakimkwepa mwenye nyumba, lakini huyu ni fundi.

Hadi hapo binti yako alikuwa na majike watupu, aliowakamata kwenye mwarobaini. Majike hawa hufanana mno na binamu zao wa aina nyingine, huwezi kuwatofautisha. Anayemaliza ubishi ni dume, tena kwa maungo yake ya siri, yakitazamwa kwa hadubini. Niliposikia hivyo nilicheka hadi meno ya bandia yakataka kunihama.

“Baba Mkubwa, ukimaliza kucheka nishikie taa,” akasema.

Mkuu wake wa kazi alishamwambia: bila dume, na bila kuujua mti unaomlisha, utafiti unafungwa mwisho wa mwezi. Nikaona basi, kazi uliyonipa itajimaliza yenyewe.

Lakini hukumwona anavyotazama gome. Uso karibu na shina, pumzi ameibana, siafu wanampanda shingoni wala hajikuni. Wewe utotoni hukuweza kutulia hata kunyolewa!

Ndipo akanipanga upande wa pili na kichupa. Mdudu akimkimbia yeye, anakuja kwangu. Dobi akapita na furushi lake: “Mzee, huo mti umekukosea nini?” Nikamjibu namsubiri bwana harusi. Na kweli akatokea, akienda kombo, nikamfunika.

Alikuwa dume. Tukalinganisha na mchoro wa kitabuni, kila kona ikakubali. Mimi nikapiga kigelegele. Yeye akafuta kioo, akatazama tena, akasema anataka mwingine.

Kuhusu mti, wote walisema ni mwarobaini. Yeye akakataa: kumkuta mtu barazani hakumaanishi anakula katika nyumba hiyo. Hapo nilimwelewa, maana baraza nyingi nimezikalia bila kuonja hata chumvi. Akapekua mfenesi wa dobi, na ndani ya nyufa za gome tukawakuta watoto wa mdudu, mikia ya nta kama pamba, midomo imezama kwenye mti, wananyonya. Pale ndipo nyumbani kwao.

Mkuu wake alikuja mwenyewe, akamchungulia dume, akawachungulia watoto. Utafiti unaendelea.

Kwa hiyo kile kiti cha benki mpe mwenye makalio yaliyotulia. Ukitaka kumtoa huku, njoo mwenyewe, ila uje polepole: akikukwepa atazungukia upande wangu, na mimi simkamati.

Msalimie shemeji, shangazi yetu mwenye sauti, na yule pacha wako anayejidai mkubwa. Mungu akulegezee huo mgongo uinamie gome siku moja.

Ni mimi, nikupendaye hata ukinuna,
Kaka yako mkorofi