Swali la Mama Furaha kwenye Ukuta wa Matofali

Jumamosi, 6 Septemba

Sitasaini ile fomu. Nimeisoma mara mbili.

Leo Birgitta, msimamizi wa matembezi ya kuonyesha wageni majengo ya jiji, alifuatana nasi ili aamue kama nitapewa kundi la Kiswahili la kuongoza kila Jumamosi. Nilileta akina mama kumi wa kanisa letu la mtaa wa Rinkeby, huku ugenini. Kabla ya kuondoka walisalimiana mmoja mmoja, kisha tukaomba. Birgitta akatazama saa. Mimi salamu nilikuwa nimezipangia dakika ishirini kwenye ratiba.

Kwenye Jumba la Jiji, pale kando ya maji, nilisoma maelezo niliyopewa: msanifu, miaka, mnara. Mama Furaha, ambaye marehemu mumewe alikuwa mwashi Bukavu, akapapasa ukuta.

"Dada, huyo bwana alichora. Nani alijenga?"

"Si alijenga kwa kalamu!" akadakia mwenzake. Wakacheka.

Maelezo hayakusema. Nikayatia mfukoni, nikamwomba Mama Furaha atufundishe yeye. Akatuonyesha jinsi matofali yanavyoshikana pembeni, na jinsi fundi anavyopima kwa uzi. Hakuna aliyegusa simu.

"Kila kituo ni dakika tano," Birgitta aliniambia baadaye. "Saini fomu hii kwamba utasoma maelezo tu, na kundi ni lako."

Naogopa, sikatai. Nafasi hii nimeitafuta miaka miwili, na huenda…

Lakini ukuta ule uko nje, kuutazama hakuhitaji kibali. Jumamosi ijayo saa nne nitasimama pale na akina mama wangu, hata bila beji ya mwongozaji. Mama Furaha ameahidi kuja na uzi.