Pembeni Bado Naona

Kwa mwanangu Isdori, huko Mazwi.

Huku hatujambo, na ulezi umekomaa. Anayeandika ni Rahel, binti wa jirani yetu Shija. Mimi nasema tu.

Daktari wa macho hakukueleza yote. Retina ni utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Wangu umekufa katikati, sehemu ya kusomea na kutambua sura. Kandokando ungali mzima. Kwa hiyo nikitaka kumwona mtu, namgeuzia shavu.

Siku ya Pasaka ulinishika dole gumba ulitie wino, ukasema ni karatasi ya dawa. Nikageukia ukutani, ukadhani nimechoka. Hapo ndipo nilipomwona mkeo Zita kajiziba mdomo, anacheka. Nikasingizia kikohozi, nikaondoa mkono. Karatasi mliisahau, Rahel akanisomea: mauzo ya shamba langu.

Shamba nimempa Shija, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Nimetia dole gumba lilelile.

Krismasi uje. Nimekuwekea kiti mbele yangu kabisa, pale ambapo simwoni mtu.

Ni mimi baba yako, ningali hai,
Basil